Hakuna Matata ya Mombasa au ya Simba? Soma kabla hujachapisha fulana

Mwezi uliopita dada mmoja mwenye kibanda cha vinyago Buganda Road, hapa Kampala, alikuja kwangu na mfuko mweusi, akatoa fulana moja na kuitandaza mezani bila kusema neno. Pamba nzuri, nzito, rangi ya kijani cha mgomba. Kifuani gorila amekaa kama mwenyekiti wa LC, baraza la mtaa, anayesubiri kikao kianze. Chini yake, kwa herufi za manjano zilizowekewa kivuli: HAKUNA MATATU.

"Mwalimu," akasema, "ziko sitini."

Nikamfariji kwamba aliyechapa hakukosea sana, aliandika tu neno alilolizoea. Kampala ukisema matatu watu wanawaza karata kwanza, halafu teksi za Nairobi. Kwa hiyo fulana inasema ama leo hatuchezi, ama tembea kwa miguu. Tukacheka mpaka akajifuta machozi kwa ile fulana. Kisha akauliza swali ambalo ndilo limenikalisha kuandika: kabla hajapeleka nyingine kiwandani, maneno haya ni ya nani? Ni ya Wakenya? Ni ya ile sinema ya simba? Maana kuna kijana amemtisha kwamba Wamarekani wameshayanunua, na ukiyaandika unashtakiwa.

Wiki hiyohiyo kiongozi wa bendi inayopigia wageni kwenye loji moja kando ya Ziwa Bunyonyi akanipigia simu. Wazungu wanaomba "wimbo wa hakuna matata". Akiwapigia ule wa Mombasa, wenye watoto wanasema siyo wenyewe. Akijaribu ule wa sinema, waimbaji wake wanaishia kwenye kibwagizo, kwingine kote wanang'ong'a kama nyuki. Ashike upi?

Basi nimeziweka pamoja. Ziko nyimbo tatu zinazogombea sifa ya maneno haya, na nyuma yao liko neno lenyewe, lililokuwapo kabla ya gitaa lolote. Nianze na hilo, kwa sababu ndilo linaloamua mengi.

Neno kabla ya nyimbo

Mtazame fundi cherehani wa soko la Owino uzi ukimgomea. Umejizungusha, umefunga mafundo, haujulikani unaanzia wapi. Uzi huo umetatana. Shina ni hilohilo, tata, na kutoka hapo tumepata utata, tatizo, tatiza, tatanisha. Hata kutatua kumetoka humohumo: ni kufungua kilichokuwa kimetatana. Matata basi ni mafundo ya mambo, fujo, ugomvi, mkanganyiko kati ya watu. Mtoto mtundu tunasema ana matata. Mtaa wenye ngumi kila Jumamosi una matata. Ndugu zetu kutoka Goma na Bukavu, ambao wamejaa Kampala siku hizi, wanalitumia neno hili asubuhi na jioni, na Kilingala nacho kinalo. Kongo imewahi hata kuwa na waziri mkuu anayeitwa Matata, Augustin Matata Ponyo, kuanzia 2012 hadi 2016. Hebu fikiria kampeni yake ingekuwaje mikononi mwa wachapa fulana wetu.

Angalia mahali matata yanapokaa. Yako nje, barabarani, nyumbani, baina ya watu. Hayako moyoni. Cha moyoni kinaitwa wasiwasi. Mama anayemsubiri binti yake aliyechelewa kurudi ana wasiwasi, hana matata; matata yataanza binti akifika. Ukiushika mpaka huu, utaona jinsi wimbo wa Mombasa na wimbo wa sinema zinavyotamka maneno mawili yaleyale huku zikisema mambo mawili tofauti.

Wa Mombasa

"Jambo Bwana" ulitoka mwaka 1982. Ni wa Them Mushrooms, bendi ya ndugu wa ukoo wa Harrison kutoka pwani ya Kenya, na aliyeutunga ni Teddy Kalanda Harrison. Baadaye bendi ilijiita Uyoga, yaani uyoga uleule umevuliwa Kiingereza. Walikuwa wapigaji wa hoteli za ufukweni, na wimbo wenyewe umejengwa hivyo hasa: salamu, jibu la salamu, karibu, kisha hakikisho kwamba kwetu hakuna matata. Ni somo la kwanza la Kiswahili lililotiwa mdundo. Mgeni aliyeshuka kwenye ndege asubuhi anaweza kuuimba jioni, glasi ikiwa mkononi.

Mwalimu wa Kiswahili atapata la kusema humu. Anayeulizwa habari gani anajibu "mzuri sana", na habari haiwezi kuwa mzuri. Habari ni nzuri. Mzuri ni mtu. Kila mwaka nina mwanafunzi anayenijibu "mzuri sana, mwalimu", nami namwambia asante, uzuri wako nimeuona, lakini habari je? Halafu hiyo "jambo" yenyewe: wenyewe kwa wenyewe husalimiana hujambo, au mambo, au habari za tangu juzi, jambo kavu ni ya wageni. Lakini mstari unaofuata unalipia makosa yote. Wageni wanaambiwa mwakaribishwa. Hiyo mwa- ni ya pwani, na inamtazama mgeni machoni: ninyi, mnapokewa. Bendi zetu za huku bara hugeuza zikaimba "wanakaribishwa", na hapohapo mgeni aliyekaa mbele yako anakuwa mtu anayesemwa pembeni. Nilimwambia mzee wa bendi, ukibadilisha yote, hilo usiliguse.

Maana yake ni ahadi ya mwenye nyumba: umefika kwa watu watulivu, hutapata fujo. Matata yako mahali pake, nje, kama Kiswahili kinavyotaka. Ahadi yenyewe ilitolewa mwaka mgumu. Tarehe 1 Agosti 1982 wanajeshi wa anga walijaribu kuipindua serikali ya Kenya. Na hapa kwetu mwaka huohuo Luweero ilikuwa vitani. Kwa wazee wengi wa Buganda, Kiswahili cha siku zile kilikuwa sauti ya askari kwenye kizuizi cha barabarani, na hakuna aliyekuwa akikiimba. Ndiyo sababu mimi bendi ya Uganda ikifika pale pa kutaja nchi ikaimba "Uganda yetu" badala ya "Kenya yetu" huwa nanyamaza kidogo. Mtalii anasikia kibwagizo. Mzee wa rika la baba yangu anasikia ushuhuda.

Wa Boney M.

Huu hautatuchelewesha. Boney M., kundi la Ujerumani Magharibi chini ya Frank Farian, walitoa toleo lao mwaka 1983 wakaliita "Jambo – Hakuna Matata". Ni wimbo uleule wa pwani umevalishwa nguo za disko na kuongezewa Kiingereza. Wakati huo kundi lilikuwa limeshapita kilele chake, na kwa kweli Kampala tunawajua kwa Krismasi zaidi; ikifika Desemba huwezi kununua sukari dukani bila kuwasikia. Faida yake ni moja: wageni wa miaka sitini na kuendelea, hasa Wajerumani, wengine wanaujua. Bendi yako ikiwa na kinanda na ikikosa mpiga gitaa mzuri, toleo hili litaisitiri.

Wa simba

Sinema ya The Lion King ilitoka 1994. Muziki wa wimbo wake wa "Hakuna Matata" ni wa Elton John, maneno ya Tim Rice, na uliingia kwenye kinyang'anyiro cha Oscar pamoja na nyimbo nyingine mbili za sinema hiyohiyo. Ule wa mapenzi ndio ulioshinda. Watengenezaji wa sinema walikuwa wamesafiri Kenya kujionea mbuga, na inasimuliwa kuwa maneno haya waliyapata kwa mwongozaji wao wa safari. Mimi nashuku, na hii ni shaka yangu tu, kwamba mwongozaji yule asingewaambia hivyo kama wimbo wa 1982 usingekuwa umeshawazoesha wageni na wenyeji kulifanya neno hili kuwa lugha ya kazi. Mwenyeji akimwambia mwenyeji mwenzake angesema hakuna shida.

Humo ndani ni ngiri na nguchiro wa jangwani wanaomfundisha mtoto wa simba aliyefiwa na baba asahau yaliyopita. Ngiri anaitwa Pumbaa, na anayejua kupumbaa ni nini atacheka kabla hajafungua mdomo. Maneno yamefasiriwa kwa Kiingereza kuwa kutokuwa na wasiwasi maisha yako yote. Hapo ndipo neno lilipohama. Limetoka barabarani likaingia moyoni, na kutoka ahadi ya mwenyeji kwa mgeni limekuwa shauri la mtu kwa nafsi yake: usijali, acha mambo yaende. Tena sinema yenyewe hailiamini shauri hilo sana, maana simba inabidi arudi nyumbani kukabili matata halisi aliyoyakimbia.

Kwa kuimba, ni mgumu kuliko unavyosikika. Beti zimejaa vichekesho vya Kiingereza, maneno yanakimbizana, na kunatakiwa sauti mbili za kuchekesha na moja ya mtoto. Kiswahili chake chote ni yale maneno mawili. Na kwa kuwa nimeulizwa mara nyingi: ule mwito mkubwa unaoifungua sinema, jua likichomoza, siyo Kiswahili. Ni Kizulu. Usikubali kubishana na mtu baa.

Sasa mzee wa bendi

Nilimshauri ashike wa Mombasa, aufungulie nao jioni, wageni wakiwa wanaingia, kwa sababu ndiyo kazi uliyotungiwa. Una milio michache ya gitaa, unabeba kila sauti, mpishi anaweza kuingia katikati na kuimba huku ameshika upawa, na mgeni anaondoka amejifunza kitu. Familia ikija na watoto wanaotaka wa simba, apige kibwagizo tu mara mbili kama kionjo, halafu arudi kwake. Watoto hawadai beti. Wazazi ndio wanaodai, na wazazi wenyewe hawazijui.

Lakini nikamwonya juu ya jambo ambalo bendi nyingi hulichukulia kama mvua, kwamba huanguka bure. "Jambo Bwana" una mwenyewe. Unasikika wa zamani na umeimbwa na kila mtu kuanzia Zanzibar hadi wapagazi wa Kilimanjaro, mpaka watu wanadhani ni wa kienyeji kama nyimbo za kubembeleza watoto. Sivyo. Sheria ya hakimiliki ya Uganda ya mwaka 2006 inamlinda mtunzi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa. Anayepiga muziki hadharani kwa biashara anatakiwa awe na leseni, na hapa chama kinachokusanya kwa niaba ya watunzi ni UPRS. Mwambie mwenye loji alifuatilie, usilibebe peke yako na gitaa. Na kama unabadili jina la nchi, angalau kabla ya kuimba mtaje Teddy Kalanda na Them Mushrooms. Mzee akanijibu, "Mwalimu, miaka kumi na tano naupiga, leo ndiyo nasikia jina la baba yake."

Na dada wa fulana

Hapa ule uvumi wa kijana una chembe ya ukweli. Kampuni ya Disney iliomba kuandikisha "Hakuna Matata" kama alama ya biashara mwaka 1994, na ikaandikishwa Marekani mwaka 2003, kwa fulana hasa. Mwishoni mwa 2018, toleo jipya la sinema likiwa njiani, habari zilisambaa tena na watu zaidi ya laki moja wakatia sahihi zao kwenye intaneti kupinga. Hasira niliielewa. Ni kama jirani kuja kuandikisha "shikamoo".

Ila tupime uzito wake. Alama ya biashara hailifanyi neno kuwa mali ya mtu. Hailizuii kusemwa, kuimbwa wala kuandikwa kwenye kitabu. Inalinda jina kama chapa, kwa aina ya bidhaa iliyotajwa, katika nchi lilipoandikishwa. Dada anayemuuzia mtalii fulana moja Buganda Road hayumo katika nchi ile. Anayetaka kupeleka katoni Marekani na kuziuza kule, huyo asiingie bila kumwuliza wakili. Nilichomkataza kwa sauti ni kitu kingine: kuweka pembeni ya maneno yake simba wa katuni na ngiri mwenye meno. Michoro ile ina mwenyewe kila mahali. Gorila wake ni wa msitu wa Bwindi, na Bwindi hakuna aliyeichora ila Mungu.

Kisha tukaja kwenye kuchagua maneno. Hakuna matata inauza, tusidanganyane. Mzungu anaitambua akiwa hatua ishirini, anatabasamu, anaingia ndani. Ubaya wake ni kwamba inauzwa pia Nairobi, Arusha, Zanzibar na kwenye viwanja vya ndege vyote vilivyo katikati, kwa hiyo fulana haisemi ilitoka wapi. Hakuna shida ndiyo tunayoisema kweli, lakini kifuani inapoa. Mtalii haijui, Mganda haoni sababu ya kuinunua. Nikamtajia na tewali buzibu, Kiganda cha hakuna shida, neno ambalo kondakta wa teksi anakwambia huku akikubana na mtu wa nne kwenye kiti cha watatu. Mtalii atauliza maana yake, na akishauliza ameshasimama kibandani. Dada akaipenda hiyo papo hapo. Mimi, mwalimu wa Kiswahili, nikajikuta nimeshindwa na Kiganda mezani kwangu mwenyewe.

Na wewe unayeongea tu

Wanafunzi wangu wengi ni watu wazima. Wengine walianza tangu baraza la mawaziri lilipoidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi Julai 2022, wengine wana biashara za mpakani, Busia na Malaba, wengine wamechoka tu kusemwa na Wakenya. Karibu wote wanaingia darasani na hakuna matata mdomoni, wakiitumia kwa kila kitu kama chumvi. Inawasaliti. Mwenyeji wa Mombasa au Dar akiisikia anajua papo hapo kuwa umejifunza kwa wimbo, na anaanza kukuongelesha polepole kama mtalii.

Kwa hiyo mtu akikukanyaga mguu akaomba radhi, mwambie hamna neno, au si kitu. Mteja akiuliza kama mzigo utafika kesho, hakuna shida, mradi utafika kweli. Rafiki akikuambia mtoto wake yuko hospitali ya Mulago na hajui itakuwaje, usithubutu kumwambia hakuna matata. Mwambie usiwe na wasiwasi, au bora zaidi, pole, nakuja. Chai ikiisha na wewe ulikuwa hujapata, haidhuru. Hakuna matata ibaki pale ambapo matata yangeweza kuwapo na hayapo: mpaka umefunguliwa na malori yanapita, mkutano umeisha na watu wamepeana mikono, majirani waliogombania kiwanja wamekunywa chai pamoja. Hapo hata mswahili wa Lamu hatakuona mgeni.

Dada wa fulana ameagiza mzigo mpya: arobaini zimeandikwa HAKUNA MATATA na UGANDA chini yake, ishirini zimeandikwa TEWALI BUZIBU. Safari hii alikwenda mwenyewe kiwandani, akasimama nyuma ya kijana wa kompyuta na kusoma herufi moja moja kwa sauti kabla mashine haijawashwa.

Zile sitini za kwanza alizirundika chini ya meza azifanye matambara. Vijana wa stendi ya boda hapo mbele ya kibanda, ambao wakikosa abiria hutandika boksi na kucheza karata, wakaiona moja, wakasoma, wakaanguka kicheko. Wameshanunua kumi na moja kwa bei ya hasara. Wanazivaa wakicheza matatu.